Weupe wa Machi si Barafu ya Kibo

Kila mwaka masika yanapoanza kunukia, huwa kuna asubuhi mbili tatu ambazo Moshi nzima inainua macho. Mawingu ya usiku yametawanyika, mlima uko wazi, na Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, ni mweupe hadi chini ya mahali tulipozoea kuona mawe matupu. Siku hizi habari hiyo haiji kwa macho peke yake. Kabla ya mchana picha ya setilaiti imeshaingia kwenye makundi ya WhatsApp ikiwa na maneno yake: theluji imerudi, waliosema barafu inakwisha wako wapi? Miezi michache baadaye, kiangazi kikiwa kikali, picha nyingine ya mlima uleule, sasa mweusi karibu wote, inazungushwa na watu walewale, na safari hii ni kilio. Nasema mapema ninachokiamini: picha zote mbili ni za kweli, na tafsiri zote mbili zimekosea kwa sababu ileile. Tunasoma hali ya hewa ya wiki moja kana kwamba ni historia ya mlima. Weupe wa Machi hauonyeshi kwamba barafu ya Kibo inapona, kama ambavyo weusi wa Septemba hauonyeshi kwamba imekwisha. Na tunapobishana juu ya weupe, tunaacha kuangalia ile sehemu ya mlima inayotujazia mifereji.

Tuanze na maneno, maana mkanganyiko unazaliwa hapo. Katika Kiswahili cha kila siku cha huku kwetu, theluji na barafu hubadilishana nafasi bila mtu kujali. Tunasema theluji ya Kilimanjaro tukimaanisha kila kitu cheupe kilichoko juu. Wapandaji wa njia ya Machame hupumzika kabla ya kuelekea kileleni katika kambi iitwayo Barafu, kwenye mgongo wa mawe ulio zaidi ya mita 4,600, na chini ya mahema yao kuna mawe na vumbi. Theluji ikianguka usiku, mara nyingi jua la asubuhi huiondoa. Mwongozaji aliyekuwa na mmisionari Johannes Rebmann tarehe 11 Mei 1848 hakuwa na jina la kile cheupe kilichokuwa kileleni, akakiita baridi tu. Wasomi wa London, William Desborough Cooley akiwa mbele yao, walibisha kwa miaka kwamba theluji haiwezi kukaa karibu hivyo na ikweta. Rebmann alikuwa sahihi. Lakini tazama tarehe yake: Mei, masika bado yapo. Alichokiona huenda kilikuwa vitu viwili vilivyolaliana, theluji iliyoanguka wiki zile, na chini yake barafu iliyoshindiliwa kwa karne nyingi. Theluji ni mgeni wa siku chache, barafu ndiyo mwenye nyumba, na kwa mtu aliyesimama kipilefti cha YMCA mjini Moshi wote wawili wamevaa kanzu moja.

Mkanganyiko wa pili tumeuagiza kutoka nje. Katika milima ya Sierra Nevada kule California, theluji huanguka majira yote ya baridi na kurundikana bila kuyeyuka sana, na ifikapo mwanzoni mwa machipuko wataalamu huipima. Tarehe yao kubwa ni 1 Aprili. Tarehe hiyo mwaka 2015 walikuta theluji yenye maji sawa na asilimia 5 tu ya wastani, jimbo likawekewa masharti makali ya matumizi ya maji. Mwaka 2023 walikuta zaidi ya mara mbili ya wastani. Takriban asilimia 30 ya maji ya California hutoka kwenye rundo hilo la milimani. Kwa hiyo mtu wa huko akiona picha ya setilaiti yenye milima ambayo bado ni myeupe mwanzoni mwa machipuko, anaisoma kama taarifa ya benki: akiba ipo, mashamba yatanywa hadi Agosti. Usomaji huo ni sahihi kwa milima yake. Sisi tumeuchukua mzimamzima, tukaubandika juu ya mlima ambao hauna majira ya baridi wala machipuko.

Kibo uko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta. Kileleni wastani wa joto ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri mwaka mzima, na tofauti kati ya mchana na usiku ni kubwa kuliko tofauti kati ya mwezi na mwezi. Kinachogawa mwaka huko juu ni unyevu unaotoka Bahari ya Hindi: vuli, kiangazi cha Januari na Februari, masika, kisha miezi mirefu mikavu. Na liko jambo jingine ambalo hubadilisha kabisa maana ya theluji ya Machi. Katikati ya mwezi huo jua la adhuhuri linapita karibu utosini mwa Kibo. Wakati theluji ya Sierra Nevada inapigwa na jua la pembeni linaloanza kupata nguvu, theluji yetu iliyolala mahali tambarare inapigwa na jua lililosimama wima, kwenye hewa nyembamba. Hairundikani kungoja msimu wa kuyeyuka. Inaanguka, inang'aa, inatoweka, inaanguka tena. Ikiendelea kuonekana wiki tatu mfululizo, tafsiri iliyo salama ni kwamba kwa wiki tatu mawingu yamekuwa yakiijaza upya.

Sasa setilaiti yenyewe. Zile za Marekani, Landsat 8 na Landsat 9, kila moja hurudi juu ya mahali palepale baada ya siku 16, kwa hiyo zote mbili zikipokezana ni kila siku 8. Zile za Ulaya ziitwazo Sentinel-2 hupita kila baada ya siku 5. Zote hupita kwetu asubuhi, mnamo saa nne na kitu, saa ambayo mawingu yameanza kupanda kutoka msituni ingawa kilele mara nyingi bado kiko juu yake. Kitone kimoja cha picha ya Landsat ni mita 30 kwa 30, yaani kiwanja cha kujengea nyumba. Mashine hutofautisha theluji na wingu kwa kutumia mwanga ambao macho yetu hayauoni: theluji hurudisha mwanga wa kawaida kwa wingi lakini humeza infraredi ya mawimbi mafupi, ilhali mawingu ya matone ya maji hurudisha yote. Ndiyo maana katika picha nyingi za wataalamu theluji hupakwa rangi ya samawati na mawingu hubaki meupe. Ni ufundi mzuri kweli. Lakini unaona ngozi tu. Theluji yenye unene wa kiganja ikilala juu ya jiwe, na theluji hiyohiyo ikilala juu ya barafu yenye kina cha makumi ya mita, kwa jicho lile ni kitu kimoja.

Tena setilaiti hizi hutazama kutoka juu moja kwa moja, na hili kwa Kibo lina uzito wake. Barafu iliyobaki kwenye tambarare ya kilele, hasa lile eneo kubwa la kaskazini, haishuki taratibu kama mteremko. Inakatika ghafla kwa kuta zilizosimama wima, za urefu wa makumi ya mita, zenye mistari ya kijivu na bluu ya miaka na miaka iliyolaliana. Kuta hizo ndizo zinazoliwa. Jua likiwa limeelemea kusini, Desemba na Januari, hupiga kuta zinazotazama kusini. Likihamia kaskazini, Juni na Julai, huzigeukia zile za upande wa pili. Theluji haikai kwenye ukuta wima, kwa hiyo haiulishi wala haiukingi. Ukiutazama kutoka juu, ukuta wenye urefu wa ghorofa kadhaa ni mstari mwembamba, na siku theluji imefunika tambarare yote, mstari wenyewe unapotea. Picha ya Machi inaficha mahali hasa ambapo kidonda kipo.

Wanaodhani nawasema wenye matumaini peke yao wakumbuke picha mbili za Landsat zilizotangazwa sana miaka zaidi ya 20 iliyopita, moja ya tarehe 17 Februari 1993, nyingine ya 21 Februari 2000. Katika ya kwanza kilele chote kinang'aa. Katika ya pili kimebaki na vipande. Ziliwekwa pamoja, dunia ikaambiwa: tazameni barafu ilivyotoweka ndani ya miaka saba. Mwezi ni uleule, kamera ni za familia moja, kwa hiyo ulinganisho unaonekana wa haki. Lakini barafu ya Kibo ilikuwa imeshapimwa mwaka 1989 na kukutwa kilomita za mraba 3.3. Weupe wa Februari 1993 ni mpana kuliko hapo, na barafu ya aina hii haitanuki namna hiyo kwa miaka minne. Sehemu kubwa ya tofauti kati ya picha hizo mbili ni theluji iliyokuwa imetoka kuanguka. Hoja ilikuwa ya kweli, barafu ilikuwa inapungua, ila ushahidi uliotumika kuitetea ulikuwa wa hali ya hewa. Matokeo yake tunayaona leo: mtu aliyefundishwa kwamba weupe ukipungua barafu imekwisha, akiona weupe umeongezeka ana haki ya kusema barafu imerudi. Sisi wenyewe ndio tuliomfundisha.

Kipimo cha kweli hutafuta picha za mwisho wa kipindi kikavu, anga safi, theluji ya juu ikiwa imekwisha kuondoka, na hulinganisha kingo za barafu miaka mingi kwa mpigo. Msingi ni ramani ya Fritz Klute na Eduard Oehler ya mwaka 1912, iliyoonyesha takriban kilomita za mraba 12. Mwaka 1953 zilikuwa 6.7. Mwaka 1976, 4.2. Mwaka 2000 zilibaki kama 2.5, mwaka 2011 ni 1.76, na picha za setilaiti za karibuni, za mwaka 2022, zinaonyesha chini ya kilomita moja ya mraba. Katika mfululizo huo mna miaka ya mvua za kutisha: 1961, 1997, na mwisho wa 2019, magharibi mwa Bahari ya Hindi yalipopata joto na Afrika Mashariki nzima ikafurika. Miaka hiyo Kibo ulivaa nyeupe. Mstari wa barafu haukugeuka juu hata mara moja. Kilomita moja ya mraba ni kama vitone 1,100 vya Landsat, na mtu mwenye subira anaweza kuvihesabu kimoja kimoja kwa siku moja.

Wanaosema theluji ina maana wana hoja nzito kuliko wanavyoieleza, na inastahili kuelezwa vizuri. Wataalamu waliokaa na mlima huu kwa muda mrefu, akiwamo Douglas Hardy ambaye kituo chake cha hali ya hewa kimekuwa juu ya barafu ya kaskazini tangu mwaka 2000, pamoja na Georg Kaser na Thomas Mölg, wameonyesha kwamba adui mkubwa wa barafu ya Kibo ni ukame wa hewa na jua, kuliko joto la hewa lenyewe. Kwenye baridi ile sehemu kubwa ya barafu hugeuka mvuke moja kwa moja, bila kuwa maji kwanza. Kinga yake ni theluji mpya, ambayo hurudisha karibu mwanga wote unaoipiga. Barafu kuukuu yenye vumbi hurudisha nusu au pungufu. Kwa hiyo msimu wa theluji nyingi ni nafuu ya kweli, na kama misimu ya aina hiyo ingefuatana kwa miongo, tungekuwa na mazungumzo mengine. Nakubali yote hayo. Ndiyo maana sitaki theluji ya Machi ipuuzwe. Nataka ihesabiwe, imelala siku ngapi, kuanzia mita ngapi, mwaka hadi mwaka. Lakini nafuu ya juu ya tambarare haizuii kuta kurudi nyuma, na barafu ya Kibo sasa ni kuta zaidi ya kitu kingine chochote.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayopigiwa makofi zaidi: kwamba wanasayansi walisema barafu ingekwisha kati ya 2015 na 2020, haikuisha, basi walidanganya. Ni kweli Lonnie Thompson na wenzake, waliochimba barafu ile mwaka 2000, waliandika hivyo mwaka 2002, na ni kweli kwamba mwaka 2020 ulipita barafu ikiwapo. Utabiri wa mwaka ulikosea, na waliourudia kila jukwaa bila tahadhari wametugharimu imani ya watu. Lakini daktari akikuambia mgonjwa ana miaka mitano naye akaishi minane, hujathibitisha kwamba hakuwa mgonjwa. Mwaka 2000 palikuwa na kilomita za mraba 2.5, sasa hata moja haifiki. Hesabu hiyo haihitaji utabiri wa mtu. Mwaka 2022 UNESCO ilitaja Kilimanjaro miongoni mwa maeneo ya urithi ambayo barafu zake zinatarajiwa kutoweka ifikapo 2050, na hata mwaka huo ukikosewa kwa muongo mzima, mwelekeo ni uleule.

Linalobaki ndilo linaloniuma. Nilikaa kwenye kikao cha mfongo, yaani mfereji wa jadi wa kumwagilia, huko juu Kibosho, watu wakipangiana zamu za maji, mzee mmoja akasema barafu ikiisha nasi tumekwisha, na hakuna aliyembishia. Nilinyamaza pia, kwa heshima, nami nimejutia kunyamaza. Chukua hesabu ya kawaida. Barafu yote ya Kibo, kilomita moja ya mraba, ikipungua unene wa mita nzima kwa mwaka, na tufanye yote igeuke maji, ingetoa pungufu ya mita za ujazo milioni moja. Kilomita moja ya mraba ya msitu wa upande wa kusini, mahali panapopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua, hupokea zaidi ya mita za ujazo milioni mbili kwa mwaka. Hapo hatujahesabu ukungu unaonaswa na kuvumwani na ndevu za miti, na msitu unazunguka mlima kwa mamia ya kilomita za mraba. Mito ya Weruweru, Karanga na Kikafu, chemchemi zinazonywesha Moshi, na hatimaye maji yanayofika bwawa la Nyumba ya Mungu na mitambo ya umeme ya Pangani, yote yanasimama juu ya msitu na ardhi iliyo chini yake. Barafu inachangia kidogo mno.

Nao msitu unaweza kutoweka kwa kasi kuliko barafu. Moto wa Oktoba 2020 ulipita kwenye takriban kilomita za mraba 95 za vichaka na misitu ya erika, miti midogo ya milimani, kwa majuma machache, na Oktoba 2022 moto mwingine ukawaka karibu na kambi ya Karanga. Barafu iliyopotea tangu 1912 haizidi kilomita za mraba 11 hivi. Setilaiti zilezile ziliona: infraredi ileile inayotenganisha theluji na wingu huonyesha kovu la moto waziwazi, kahawia iliyokoza kwenye kijani. Sikumbuki kovu hilo likisambazwa kwenye simu kwa shauku kama Kibo mweupe, wala mtu akiniuliza limepona kiasi gani.

Kwa hiyo mhariri anayeweka picha ya mlima aweke na tarehe, saa, na jina la setilaiti, na aseme mvua ilinyesha lini mara ya mwisho. Kampuni ya utalii inayomwambia mgeni leo wahi kabla haijaisha, kisha Machi ikamwambia imerudi, inafanya hivyo kwa gharama ya waongozaji na wapagazi ambao ndio watakaoulizwa ukweli kule juu. Na walimu wa jiografia wa Moshi na Arusha wana kitabu kilichofunguliwa bure: picha za Landsat hazilipiwi tangu 2008, za Sentinel-2 tangu zilipoanza. Darasa la kidato cha tatu lenye kompyuta moja na intaneti ya kuunga linaweza kuchukua picha ya anga safi ya mwisho wa Septemba kila mwaka, kuchora kingo za barafu kwa mkono, kisha kushuka kwenye picha hiyohiyo na kuchora mpaka wa juu wa msitu. Michoro miwili, mlima mmoja. Mimi nimeanza ya kwangu kwenye karatasi ya grafu. Ule wa barafu nimeumaliza kwa jioni moja. Wa msitu niko kwenye wiki ya tatu, na bado sijafika juu ya Rongai, upande wa kaskazini.